Uandishi huru, kielelezo, sentensi au mkakati: mtoto wa shule ya msingi afundishwe kuandika kwa njia ipi?

Ubaoni kuna mada: "Siku niliponyeshewa." Baada ya dakika 40 daftari linarudi mezani kwa mwalimu na maneno haya:

"Mvua ilinyesha. Mimi nililoa. Halafu nilikimbia. Halafu nilifika nyumbani. Halafu nilibadilisha nguo. Mwisho."

Tahajia haina kosa. Nukta ziko mahali pake, herufi kubwa zipo. Kalamu nyekundu haioni pa kugusa, na bado mtoto huyu hajajifunza kuandika. Nimesahihisha madaftari ya namna hii kwa miaka mingi, na walimu tukikutana ubishi ni ule ule. Mmoja anasema mwache aandike kwa wingi, atakomaa. Mwingine anasema mpe insha nzuri aige. Wa tatu anaanzia kwenye sentensi. Wa nne anamfundisha mtoto maswali ya kujiuliza kabla ya kushika kalamu na wakati anaandika. Nitaziweka njia hizi nne ubavu kwa ubavu, nikitumia daftari hili hili la mvua, ili mwalimu au mzazi ajue ipi inamfaa mtoto aliye mbele yake.

Msimamo wangu niutangulize. Watoto wengi wana la kusema; walichokosa ni kumwona mtu mzima akitunga. Wanaona maandishi yaliyokwisha kukamilika, kitabuni na ubaoni, na wanadhani yalizaliwa hivyo. Kwa hiyo kila njia hapa nitaipima kwa swali moja: je, inamwonyesha mtoto jinsi maandishi yanavyopatikana?

Kabla ya kuchagua, mwambie asimulie

Mwite mtoto, mwambie afunge daftari na akusimulie siku hiyo kwa mdomo. Simulizi ikitiririka, yenye kicheko na mshtuko, wakati daftari lina mistari sita mikavu, basi kinachomzuia huenda ni mkono. Mtoto anayepigania umbo la kila herufi na silabi za kila neno hana nafasi kichwani ya kufikiria msomaji. Huyu, hasa wa darasa la kwanza na la pili, anahitaji dakika 10 hadi 15 za mwandiko na tahajia kila siku, na hakuna njia kati ya hizi nne itakayomfaa sana mpaka mkono uwe mwepesi. Simulizi ikiwa kavu kama daftari, au ikitiririka ilhali mkono tayari ni mwepesi, shida ni nyingine, na hapo uchaguzi unaanza.

Uandishi huru

Mtoto anachagua mada mwenyewe, anaandika rasimu bila kuogopa makosa, anakaa na mwalimu dakika chache kuizungumzia, anaiandika upya, na mwisho kazi yake inasomwa na wenzake. Njia hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1920 mwalimu wa kijijini nchini Ufaransa, Célestin Freinet, aliingiza mashine ya kuchapia darasani mwake. Watoto walitunga habari za maisha yao, wakapanga herufi kwa vidole vyao, na kurasa walizochapa zikapelekwa kwa wanafunzi wa shule nyingine, ambao nao waliandika kujibu. Nusu karne baadaye mtafiti Donald Graves na wenzake huko Marekani walikaa madarasani wakiwatazama watoto wadogo wakiandika, na kutokana na kazi yao utaratibu wa rasimu, mazungumzo na marekebisho ulienea katika shule nyingi.

Nguvu yake yote iko kwenye mazungumzo. Mrudie mtoto wetu wa mvua:

"Ulipokuwa unakimbia, kulitokea nini?"

"Kiatu kimoja kilinasa kwenye tope."

"Ukakiacha?"

"Nilirudi, mwalimu. Kilikuwa cha kaka."

Insha iko hapo. Kiatu cha kaka kilikuwa kichwani mwake muda wote alipokuwa akiandika "halafu", ila hakujua kwamba hicho ndicho msomaji anachokingoja. Mtoto akishaulizwa hivyo mara kumi, huanza kujiuliza mwenyewe. Sijaona njia nyingine inayompa mtoto imani ya namna hiyo kwamba maisha yake yanafaa kuandikwa.

Sasa piga hesabu. Darasa la watoto 60, dakika 5 kwa kila mmoja, ni dakika 300, yaani saa 5 kwa insha moja. Mwalimu asiye na saa hizo hubaki na ganda la njia: "Chagueni mada, andikeni," kisha "Andikeni upya." Mtoto anaelewa kwamba kuandika upya ni kunakili kwa mwandiko safi zaidi. Tena iko dosari ya pili, inayonisumbua zaidi. Mtoto anayesomewa vitabu nyumbani huja shuleni na miundo mingi masikioni. Ukimwachia uhuru ataitumia. Asiyesomewa ataandika "nilienda, niliona, nilirudi" mwaka mzima, kwa sababu uhuru hauwezi kumpa umbo ambalo hajawahi kulisikia.

Kielelezo

Dosari hiyo ya pili ndiyo iliyowasukuma wataalamu wa lugha J. R. Martin na Joan Rothery huko Sydney, Australia, katika miaka ya 1980. Wakiegemea nadharia ya mwanaisimu Michael Halliday, walisema watoto lazima wafundishwe waziwazi jinsi aina mbalimbali za matini, yaani maandishi kamili, zilivyojengwa: kisa hujengwa hivi, maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi hujengwa vile, hoja hujengwa kwa namna nyingine. Kumficha mtoto maumbo haya, kwa maoni yao, ni kumwachia faida yule aliyekwisha kuyapata nyumbani. Mimi naona walikuwa sahihi.

Kuna hatua tatu. Kwanza darasa linachambua matini nzuri: mwandishi ameanzaje, tatizo limeingia aya ya ngapi, limetatuliwaje. Kisha mwalimu na darasa wanatunga matini mpya ya aina hiyo pamoja ubaoni. Mwisho kila mtoto anaandika yake. Hatua ya kati ndiyo inayobeba mzigo, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa inampa mwalimu hofu. Inamlazimu asimame mbele ya watoto bila insha iliyoandaliwa, aandike "Mvua ilinyesha sana," asimame, aseme "sana haituonyeshi kitu, nani ana neno bora?", afute, ajaribu "Mvua ilitupiga migongoni," aulize kama imezidi au imetosha. Watoto wanamwona mtu mzima akikosea, akirudi nyuma, akichagua. Kwa kipindi kimoja cha namna hii watu 60 wanapata somo ambalo kwenye uandishi huru lingetolewa mara 60.

Ukiiruka hatua hiyo, kielelezo hugeuka kariri. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anazijua insha hizo: "Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi, jua lilikuwa likichomoza na ndege wakiimba kwa sauti nyororo." Zinafuata "nilitimua mbio kama swala", "nilishikwa na butwaa", na methali mbili zilizobandikwa mwishoni, hata kama kisa ni cha mvua na jua halikuchomoza kabisa siku hiyo. Mtoto amefundishwa kwamba kuandika vizuri ni kubeba mapambo. Naumia ninapoziona, kwa sababu mtoto huyo amefanya kazi kubwa ya kukariri, na kiatu cha kaka hakimo. Tashbihi na methali ni mali ya lugha yetu, lakini methali huwa na nguvu pale kisa kinapoiita. Ukitaka kujua kama darasa lako limeingia kwenye kariri, soma sentensi za kwanza za madaftari 10. Zikifanana, rudi ubaoni mtunge pamoja.

Sentensi

Njia ya tatu ni ndogo na watu huidharau. Mwalimu anatoa sentensi fupi chache, watoto wanaziunganisha. Utafiti wake ulishika kasi huko Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, lakini naamini Kiswahili kinaifaa hata kuliko Kiingereza, maana kitenzi chetu kina viungo vingi vya kuunganishia. Andika ubaoni:

Nilikimbia. Mvua ilikuwa inanyesha. Kiatu kilinasa topeni. Kiatu kilikuwa cha kaka.

Mmoja atasema: "Nilipokuwa nikikimbia mvuani, kiatu cha kaka nilichokivaa kilinasa topeni." Mwingine: "Mvua ikinyesha, nikakimbia, kiatu cha kaka kikanasa topeni." Ziandike zote mbili, mziseme kwa sauti. Ya kwanza inakusanya kila kitu na kukiweka kiatu katikati. Ya pili inakwenda mbio pamoja na mtoto, na zile -ka- zinafanya kazi ambayo "halafu" tatu zilishindwa kuifanya. Waulize ni ipi inafaa pale kisa kinapopamba moto, na ipi inafaa mwanzoni. Watoto wa darasa la nne hubishana juu ya jambo hili kwa bidii, na ubishi huo ni sarufi wanayoitumia kwa mikono yao.

Linganisha na zoezi lililozoeleka la kupigia mstari kielezi na kutaja aina ya nomino. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti za uandishi kuanzia darasa la nne hadi la 12 na kupima kila njia ilivyoinua ubora wa maandishi ikilinganishwa na njia nyingine zilizokuwa zikitumika. Katika kipimo chao sifuri maana yake ni kutoleta tofauti yoyote; kuunganisha sentensi kulipata 0.50, ambayo ni athari ya wastani iliyo nzuri. Ufundishaji wa sarufi uliotengwa na uandishi ulipata chini ya sifuri. Sarufi ina sababu zake nyingine za kufundishwa. Asiitegemee mtu kwa insha.

Faida zake kwa darasa kubwa ni dhahiri. Inachukua dakika 10, haihitaji kitabu, na usahihishaji wake ni wa mdomo. Ila haimpi mtoto la kusema wala haimwonyeshi insha nzima inavyosimama. Ni kiungo, haiwezi kuwa mlo.

Mkakati

Njia ya nne imejengwa na mtafiti Karen Harris na yule yule Steve Graham tangu miaka ya 1980, mwanzoni kwa ajili ya watoto waliokuwa wakipata shida kubwa katika kujifunza. Mtoto anafundishwa kujiongoza. Kwa kisa, maswali ni saba: nani, lini, wapi, anataka kufanya nini, kinatokea nini, kinaishaje, anajisikiaje. Mwalimu anayaeleza, kisha anayatumia mwenyewe mbele ya darasa akifikiri kwa sauti, pamoja na yale maneno ambayo kwa kawaida mtu mzima huyaficha: "Nimekwama. Ngoja nirudi kwenye maswali. Bado sijasema anajisikiaje." Watoto wanayakariri maswali, wanaandika wakisaidiwa, na msaada unaondolewa polepole mpaka karatasi ya maswali haihitajiki tena.

Kwa kipimo kile kile cha 2007, kufundisha mikakati kulipata 0.82, juu kabisa ya orodha, wakati uandishi wa hatua kwa hatua wenye rasimu na mazungumzo ulipata 0.32 na kusoma vielelezo peke yake 0.25. Katika uchambuzi wa baadaye wa mwaka 2012, uliohusu shule ya msingi tu, mikakati ilivuka 1. Namba hizo zisomwe kwa makini. Pale walimu walipofunzwa kuuendesha uandishi wa hatua kwa hatua, matokeo yake yalikuwa mazuri zaidi, na 0.25 ni ya kumpa mtoto kielelezo akisome na kukiiga. Haihusu kutunga pamoja ubaoni. Ninachokiona ndani ya namba hizi ni kwamba kilichoshinda ni pale mwalimu anapofikiri kwa sauti mbele ya watoto, kisha akawaachia wafanye hivyo wao.

Hatari yake ni fomu. Mtoto mtiifu anajibu maswali saba kwa mistari saba: "Ni mimi. Ilikuwa jioni. Ilikuwa njiani." Hapo mwalimu ameyakabidhi maswali bila kuonyesha jinsi jibu moja linavyoweza kuchukua aya nzima na lingine neno moja tu. Dawa ni kuwaonyesha kwa mkono wako: katika insha yako ya ubaoni, lini ipe neno "jioni", na kiatu kipe sentensi nne.

Usahihishaji

Njia yoyote utakayoichagua inaweza kuuawa na kalamu nyekundu. Linganisha walimu wawili. Wa kwanza anazungushia kila kosa na kuandika 11 kwa 20. Wa pili anaandika: "Nimekiona kile kiatu kwenye tope! Niambie kaka alisema nini ulipofika," na chini yake, "Kagua herufi kubwa kwenye majina." Mtoto wa kwanza anatazama 11, anatazama 14 ya jirani, anafunga daftari. Wa pili ana kazi mbili za kufanya na anajua kuna mtu aliyesoma.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio lililowagawa wanafunzi katika makundi: waliopewa maoni tu, waliopewa alama tu, na waliopewa alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu waliendelea vizuri. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi maoni yao, kana kwamba alama iliyafunika. Kama shule inadai alama, ziweke kwenye kitabu chako na umpelekee mtoto maneno kwanza. Alama aione akishamaliza kuandika upya. Na chagua aina moja ya kosa kwa kila insha. Mwalimu aliyekuwa akilala usiku wa manane na madaftari 60 atapata usingizi, na mtoto atajifunza zaidi.

Basi uchague ipi?

Kwa mtoto anayesimulia vizuri na mwenye mkono mwepesi, lakini hatumii umbo lolote zaidi ya "halafu", anzia kwenye kielelezo, ukikaza hatua ya kutunga pamoja, na kila siku dakika 10 za kuunganisha sentensi. Huyu ndiye mtoto wetu wa mvua, na ndiye mwenye idadi kubwa madarasani.

Mtoto anayekodolea macho ukurasa mtupu, au anayeanza na kuacha, mpe mkakati. Anahitaji kitu cha kushika anapokwama.

Yule ambaye insha zake zimejaa mapambo ya kukariri ndiye ningemrudisha kwenye uandishi huru hata kwa muhula mzima: mada yake mwenyewe, msomaji halisi, na katazo la kuanza na jua wala ndege. Usishangae insha zake zikishuka kwa wiki chache za mwanzo. Anaacha mkongojo aliouzoea.

Darasa likiwa kubwa sana kwa mazungumzo ya mmoja mmoja, wapange wawili wawili, na kila mmoja awe na kazi mbili tu: kumwambia mwenzake sehemu aliyoiona kwa macho ya akili, na kumuuliza swali moja. Kusaidiana kwa watoto katika kuandika kumo miongoni mwa mambo yaliyopata matokeo makubwa katika uchambuzi ule wa 2012. Ila wafundishe kwanza jinsi ya kuuliza, la sivyo watasahihishana mwandiko.

Mzazi asiyejua afanye nini nyumbani asishike kalamu nyekundu kabisa. Asikilize simulizi, aulize lile swali la kiatu, na aandike naye: barua kwa bibi, ujumbe wa kubandika mlangoni, orodha. Mtoto akimwona baba au mama akikata neno na kuandika jingine, amepata somo.

Muda nao haukwepeki. Mwongozo wa wataalamu uliotolewa Marekani mwaka 2012 ulipendekeza saa moja ya uandishi kila siku kuanzia darasa la kwanza, sehemu yake ikiwa ya kufundishwa na sehemu ya watoto kuandika. Ratiba nyingi hazifiki hapo hata kwa mbali. Ukiwa na vipindi viwili tu kwa wiki, ningevigawa hivi: cha kwanza chote mtunge pamoja ubaoni, cha pili waandike wao, wewe ukipita kati ya madawati na kuzungumza na watoto sita, na wiki ijayo sita wengine. Dakika 10 za sentensi ziibe mwanzoni mwa vipindi vya kusoma.

Na kipindi cha kwanza kisikutie hofu. Usiandae insha nzuri. Ingia na sentensi moja mbovu, "Mvua ilinyesha sana," iandike kwa herufi kubwa watu wote waione, wape chaki, na uwaachie waifute.